Nilimeza viwili juu ya biriani, nikaona taa zote za buluu

Asalaam aleikum, wahusika wa safu ya ushauri.

Ashakum si matusi, haya ninayoandika sijamwambia mtu isipokuwa kaka yangu. Nina miaka 53, naishi Kisauni, na kazi yangu ni ya kushughulikia makaratasi ya mizigo bandarini. Nina sukari, huu ni mwaka wa saba, natumia metfomini asubuhi na jioni. Nina presha pia, na kwa hiyo nimepewa kidonge kimoja cha losatani iliyochanganywa na HCT. Sigara sivuti. Miraa nakula, si kila siku, lakini wikendi hainipiti.

Kwa mwaka mzima na zaidi nguvu zimekuwa zikipungua polepole. Mwanzo ilikuwa inasimama halafu inalala katikati ya shughuli. Siku hizi hata nikiamka asubuhi hakuna kitu. Mke wangu ni mvumilivu, hajatamka neno, na huko kutotamka kwake ndiko kunakoniumiza.

Mwezi uliopita jamaa mmoja wa barazani alinipa kipande cha pakiti chenye vidonge vinne vya buluu, kila kimoja miligramu 100. Akaniambia, "Meza kimoja, mengine utanisimulia." Ilikuwa Ijumaa. Tulialikwa biriani ya mbuzi kwa shemeji, tukarudi nyumbani, saa tatu unusu nikameza. Nikakaa sebuleni naangalia saa. Nusu saa ikapita, kimya. Nikaongeza cha pili. Kufika saa tano kichwa kinagonga kama ngoma, uso unawaka moto, pua imeziba kama mtu mwenye mafua, na kiungulia kimenipanda hadi kooni. Taa ya sebuleni niliiona ina ubuluu, na nilipoinuka kwenda msalani kizunguzungu kikanishika nikaegemea ukuta. Ama lile lililokusudiwa, lilikuja nusunusu kwenye saa sita, mimi sina hamu tena na mke wangu ameshalala.

Nauliza: dawa hii imeniharibia moyo au macho? Mbona haikufanya kazi, au ni feki? Nikianza kuitumia nitakuwa mtumwa wake, nisiweze tena bila yeye? Halafu mke wangu ameiona ile pakiti mfukoni mwa suruali, sasa amenuna, anadhani nina mtu nje. Vidonge vimebaki viwili. Kaka yangu mkubwa, ambaye ana ugonjwa wa moyo na huweka kidonge chini ya ulimi kifua kikimbana, ananiomba nimpe kimoja kwa kuwa naye yamemkuta hayohayo. Nimpe?

Aliyebanwa, Kisauni

JIBU

Waaleikum salaam, kaka. Tutaanza na swali lako la mwisho kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Usimpe. Na usiishie kumnyima, mpigie simu leo umweleze kwa nini, maana asipopata kwako atapata kwa mwingine.

Kidonge cha chini ya ulimi ni cha jamii ya naitreti, kama GTN. Wapo pia wagonjwa wa moyo wanaomeza aina nyingine ya naitreti kila siku, isosobaidi. Naitreti hupanua mishipa kwa kuongeza mwilini kemikali ileile ambayo dawa ya nguvu za kiume huizuia isivunjwe. Ni kama mmoja afungulie bomba mpaka mwisho na mwenzake aende kuziba tundu la kutolea maji. Zikikutana, mishipa ya mwili mzima hulegea kwa mpigo mmoja, presha inaporomoka, damu haifiki ipasavyo kwenye ubongo wala kwenye moyo wenyewe, ambao tangu hapo ulikuwa unalalamika. Mtu huanguka, na wengine hawainuki. Hapa hakuna dozi ndogo iliyo salama. Nusu kidonge haifai, robo haifai. Aliyemeza sildenafili, ambayo inaelekea ndiyo hiyo uliyo nayo, hapaswi kupewa naitreti kwa saa 24. Aliyemeza tadalafili, dawa nyingine ya nguvu za kiume, saa 48. Sasa kifua cha kaka yako kitajuaje kungoja saa hizo zipite? Na ikitokea amekwisha kumeza kutoka kwingine kisha kifua kikambana, asiweke kitu chini ya ulimi. Aende hospitali hapo hapo, na neno la kwanza kwa daktari liwe ni dawa gani amemeza na saa ngapi. Madaktari wanazo njia nyingine za kumsaidia, mradi wajue. Tatizo lake la chumbani alipeleke kwa daktari wake wa moyo. Hatakuwa wa kwanza kuuliza.

Tuje kwako. Vidonge ulivyoeleza vinaelekea kuwa sildenafili, dawa iliyoingia sokoni mwaka 1998 kwa jina la Viagra. Watafiti wa kampuni ya Pfizer huko Uingereza walikuwa wakiijaribu kwa maumivu ya kifua yanayotokana na moyo. Kwa kifua haikuonyesha la maana, lakini wanaume waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kutaja jambo ambalo hakuna aliyewauliza. Ukilikumbuka hilo, kwamba hii ni dawa ya mishipa ya damu, yote yaliyokupata Ijumaa ile yataeleweka.

Uume husimama kwa damu. Mwanamume akipata ashiki, iwe kwa kuguswa, kwa kuona au kwa fikra tu, mishipa ya fahamu ya uume hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo huzalisha kemikali inayoitwa cGMP, nayo huiamuru misuli laini iliyomo ndani ilegee. Misuli ikilegea njia za damu hufunguka, damu huingia kwa wingi, na nyama ya ndani iliyo kama sponji hujaa mpaka ikaibana mishipa inayotoa damu. Damu ikikosa pa kutokea, ndipo uume unapokaa imara. Upande wa pili kuna kimeng'enya kiitwacho PDE5 ambacho kazi yake ni kuivunja cGMP ili mambo yarudi kama yalivyokuwa. Sildenafili hukizuia kimeng'enya hicho, basi. Haileti hamu, haiongezi homoni, haitengenezi ile gesi ya mwanzo. Inalinda kilichokwisha kuanzishwa, na wewe usiku ule ulikaa sebuleni ukitazama saa. Saa ya ukutani haijapata kumtia mtu ashiki. Zaidi ya hapo, mtu anayejipima kila dakika kama "imeanza" mwili wake humwaga adrenalini, na adrenalini hubana mishipa ileile unayotaka ifunguke.

Kosa la pili lilikuwa kwenye sahani. Tumbo likiwa tupu, sildenafili hufika kilele chake kwenye damu kati ya nusu saa na saa mbili, kwa wengi kama saa moja. Ukiimeza juu ya mlo wenye mafuta mengi, kilele hicho huchelewa kwa saa moja zaidi na kiwango chake hushuka kwa asilimia 29. Biriani ya mbuzi, samli, vitunguu vya kukaangwa: ndio mlo wenyewe huo. Kwa hiyo saa nne kamili ulipokata tamaa, kidonge cha kwanza bado kilikuwa kinahangaika tumboni. Ulipoongeza cha pili ukafikisha miligramu 200, na kiwango cha juu kabisa kwa saa 24 ni 100. Dozi hiyo ya 200 ilikwisha kujaribiwa na watafiti: nguvu haikuongezeka, madhara ndiyo yaliongezeka. (Wakati wa Ramadhani ni vilevile. Anayefuturu kwa viazi karai, bajia na sambusa kisha akameza papo hapo, asishangae kikiamka wakati wa daku.)

Madhara uliyoyapata yote yana mzizi mmoja. PDE5 haiko kwenye uume peke yake. Mishipa ya kichwani ikipanuka, kichwa kinagonga. Ya usoni, uso unawaka. Ya ndani ya pua, pua inavimba na kuziba. Misuli inayofunga mlango kati ya koo la chakula na tumbo ni laini vilevile, ikilegea asidi hupanda, na hicho ndicho kiungulia chako. Kizunguzungu cha kuinuka ni presha iliyoshuka, na wewe ulikuwa na dawa ya presha mwilini pamoja na dozi maradufu. Ubuluu wa taa ni habari tofauti kidogo. Ndani ya jicho mna kimeng'enya PDE6, ndugu wa PDE5, kinachosaidia kupokea mwanga na rangi, na sildenafili ikiwa nyingi humgusa na ndugu huyo. Hali hiyo huisha yenyewe baada ya saa chache. Mpaka iishe, usishike usukani wala pikipiki.

Nusu ya dawa huwa imetoka kwenye damu baada ya saa nne hivi, kwa hiyo kufikia Jumamosi mchana mwili wako ulikuwa umekwisha kuiaga. Haikukaa ikakula macho. Kwa mtu asiyetumia naitreti, kwenye dozi sahihi, dawa hii haijaonekana kuudhuru moyo. Kinachotutia wasiwasi zaidi kuhusu moyo wako ni lile ulilolipitia haraka, kwamba hata asubuhi hakuna kitu. Tatizo likianzia kwenye mawazo, mara nyingi usimamaji wa alfajiri hubaki. Ukififia polepole kwa mwaka mzima, kwa mtu mwenye sukari na presha, kwanza tunashuku mishipa ya damu na ya fahamu. Ateri za uume zina upana wa milimita 1 hadi 2, za moyo 3 hadi 4. Uchafu unaoziba mishipa huanza kuonekana kwenye ile myembamba, na kwa wanaume wengi upungufu huu hutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kidonge kingine, upimwe. Kipimo kidogo cha nyumbani: ukipanda ngazi za ghorofa mbili bila kusita, au ukitoka kwenye feri ya Likoni ukakipanda kile kilima kwa mwendo wa watu wenye haraka, kifua hakibani na pumzi haikatiki, kwa kawaida moyo wako unaweza kuhimili shughuli ya chumbani. Kifua kikibana, simama hapo na umwone daktari kwanza.

Kliniki ya sukari unakohudhuria ndiyo mahali pa kuanzia. Waombe HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita), mafuta ya damu, figo, na homoni ya testosteroni. Hiyo ya mwisho damu itolewe kati ya saa moja na saa tano asubuhi, kwa sababu mchana kiwango hushuka chenyewe na majibu yatakudanganya. Wapime presha ukiwa umekaa na ukiwa umesimama. Presha ikiwa chini ya 90/50, au imepanda zaidi ya 170/110, hupewi kidonge mpaka itengemae. Aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miezi sita iliyopita naye husubiri.

Peleka pia ile pakiti ya dawa ya presha. Losatani haina hatia. HCT, dawa ya kuongeza mkojo iliyochanganywa humo, inajulikana kuwapunguzia nguvu baadhi ya wanaume, na daktari akiona inafaa anaweza kukubadilishia kwa mfano amlodipini. Tumesema daktari. Ukiiacha mwenyewe, presha ikapanda, utakuwa umeuza nyumba kununua mlango. Metfomini haigombani na sildenafili.

Kwa kuwa safu hii husomwa na wengi, na kidonge hiki hugawanwa barazani kama kashata, tuwataje wengine wanaopaswa kusema wazi wanatumia nini. Wanaume wenye tezi dume wanaotumia tamsulosini, doksazosini au prazosini: presha inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo dawa ya tezi itulie kwanza mwilini, kisha sildenafili ianzie miligramu 25. Wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri: dawa hiyo huizuia ini isiivunje sildenafili, kiwango kikapanda mara kadhaa, hivyo mwisho wao ni miligramu 25 katika saa 48. Ketokonazoli ya fangasi na erithromaisini hufanya jambo kama hilo kwa kiasi kidogo. Juisi ya balungi nayo si ya kushushia kidonge hiki. Wenye TB wanaotumia rifampisini mambo huwa kinyume, dawa huvunjwa upesi na huenda wasione faida yoyote.

Na miraa, kaka. Kathinoni iliyomo, iwe kwenye miraa au muguka, hubana mishipa, hupandisha presha na kuuendesha moyo mbio. Kidonge kinafungua, majani yanabana, na moyo uko katikati unavutwa huku na huku. Usiku wa kikao cha miraa si usiku wa kujaribu dawa hii. Kama wikendi haikupiti, chagua kati ya kikao na chumba.

Ukishapimwa na kuandikiwa, matumizi yake ni hivi. Dozi ya kuanzia kwa wengi ni miligramu 50. Mwenye zaidi ya miaka 65, au mwenye ini au figo dhaifu, 25. Kula mapema na kula chepesi, wali kidogo na samaki wa kupaka wa kiasi, au ngoja saa mbili baada ya mlo. Meza kidonge kwa maji kama saa moja kabla. Kisha usikae kukilinda. Ongea na mkeo, oga, mpapasane, chukueni muda. Dirisha lake linafunguka kama nusu saa baada ya kumeza na linabaki wazi mpaka zipite saa nne hivi tangu umeze, kwa hiyo hamna haja ya kukimbizana. Kisipofaa, usiongeze cha pili usiku huo. Kesho yake ni siku mpya. Jaribu kwa utaratibu huo usiku sita hadi nane tofauti kabla ya kusema dawa imeshindwa, na daktari ndiye atakayepandisha hadi 100. Wengi wanaotuandikia kwamba "haifanyi kazi" wamejaribu mara moja, wameshiba, wana hofu. Kichwa kikiuma unaweza kumeza parasetamoli. Wenye sukari huitikia kidogo kuliko wengine, hilo tusikufiche, na sukari ikidhibitiwa vizuri inasaidia.

Ipo pia tadalafili, ambayo wengi waliijua kwa jina la Cialis. Yenyewe haijali mlo. Unaimeza angalau nusu saa kabla, ingawa kilele chake ni kama saa mbili, na inadumu hadi saa 36: ukimeza Ijumaa saa mbili usiku, bado inaweza kukusaidia Jumapili saa mbili asubuhi. Hii haina maana kwamba utasimama siku mbili mfululizo. Maana yake ni kwamba ashiki ikija ndani ya muda huo, msaada upo. Dozi ya kuanzia ni miligramu 10, mwisho 20. Kuna na njia ya miligramu 5 kila siku kwa saa ileile, ambayo huchukua kama siku tano kutulia mwilini na husaidia pia wenye tezi dume. Kwa mtu aliyechoka kuishi kwa kutazama saa, sisi tungemwomba daktari aifikirie hii. Ubaya wake: maumivu ya mgongo na misuli ya mapaja, yanayoanza saa 12 hadi 24 baada ya kumeza na kwisha ndani ya siku mbili. Watu huenda kukandwa wakidhani wamelala vibaya. Na kwa kuwa inakaa muda mrefu, na madhara yake yanakaa.

Mambo yanayokupeleka hospitali bila kungoja asubuhi ni machache. Uume uliosimama zaidi ya saa nne, hata kama hamu imekwisha: damu iliyonasa humo imekosa oksijeni, na nyama ya ndani ikiharibika hairudi. Daktari huitoa damu hiyo kwa sindano na kudunga dawa ya kubana mishipa. Wanaochelewa huwa wanaona haya tu, na haya hiyo hugharimu. Wenye ugonjwa wa seli mundu, ambao hapa Pwani si wachache, wako kwenye hatari kubwa zaidi ya jambo hili na wasiguse kidonge bila daktari. Kupoteza uwezo wa kuona ghafla kwenye jicho moja, au kusikia ghafla kwenye sikio moja, ni nadra sana, lakini acha dawa na nenda siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua tumekwisha kuyasema.

Umeuliza kama vilikuwa feki. Mwili wako unasema ndani mlikuwa na kitu, kiasi gani hakuna ajuaye. Rangi ya buluu si dalili ya uhalali, dawa halali zinatoka kwa rangi mbalimbali na kwa majina mengi tangu haki ya Pfizer ilipokwisha, na za bei nafuu zilizosajiliwa hufanya kazi ileile. Tazama mengine: pakiti nzima isiyokatwa, yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, kutoka duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyo wazi ukutani na mfamasia anayeuliza unatumia dawa gani nyingine. Asipouliza, ni duka la kuuza tu. Kipande kilichokatwa, tarehe imebaki kwa mwenye pakiti, hakikuambii kitu. Unga wa "mizizi" na vipakiti vya asali vya kuongeza nguvu tunaviogopa zaidi: kwenye bidhaa za namna hiyo, nchi mbalimbali, maabara zimekuta sildenafili au tadalafili iliyotiwa kimyakimya. Mtu kama kaka yako anakataa kidonge kwa sababu ameonywa, kisha analamba asali "ya asili" na yanampata yaleyale.

Utumwa haupo kwa maana ya mwili kudai dawa. Ukiiacha unarudi pale ulipokuwa, kwa kuwa haiponyi chanzo. Wakati unaitumia, sukari na presha zinaendelea na kazi yao. Kinachoweza kuzoea ni akili, hasa kwa vijana wasio na ugonjwa wowote wanaoimeza kwa sifa, kisha wakaogopa kuingia chumbani bila yeye. Wewe si wa kundi hilo. Na kama dawa zote mbili, sildenafili na tadalafili, zitashindwa baada ya kujaribiwa ipasavyo, ziko pampu za kuvuta damu na sindano ndogo za kudunga ubavuni mwa uume, ambazo daktari wa njia ya mkojo atakufundisha.

Mkeo ameona pakiti ya siri, na mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila kuguswa ataijaza siri hiyo kwa anachokiogopa. Usimngoje aulize. Mwambie wakati ambao hamtarajii kulala pamoja, mchana, mkiwa wawili: "Nilivimeza kwa ajili yako, ile Ijumaa tuliyotoka kwa shemeji, vikanitoa jasho nikashika ukuta." Atakumbuka ulivyokuwa usiku ule. Mwombe mfuatane kliniki. Daktari akieleza mbele yake kwamba ni mishipa na sukari, mengi uliyojaribu kumweleza yatakuwa mepesi, na yeye ndiye atakayeijua dawa na saa yake siku ukianguka na watu wakauliza umemeza nini.

Vile viwili vilivyobaki usivitupe jaani watoto wakaokota, wala usiviache kwenye dashibodi ya gari, joto la hapa kwetu huzidi nyuzi 30 inazostahimili. Vipeleke kwa mfamasia avipokee kwa kuteketezwa. Ufanye hivyo kabla kaka yako hajaja kukutembelea.